Paka amesusa beseni la mchanga: tazama njia anayopita

Swali

Daktari, naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya ghorofa moja. Nina paka jike, Kashata, wa miaka mitano, alishafungwa kizazi. Maisha yake yote hakuwahi kuninajisia kitu. Miezi miwili iliyopita binti yangu amerudi nyumbani kujifungulia, akaja na paka wake dume, Komando, wa mwaka mmoja, hajahasiwa. Tangu hapo Kashata anakojoa vitone vitone juu ya godoro la wageni na juu ya mswala wangu, na juzi nimeona wekundu kwenye sakafu ya bafu. Haja kubwa bado anakwenda uani, alfajiri, kwenye beseni lake la mchanga lililo karibu na banda la kuku. Kuku mmoja ana vifaranga. Mlango wa mbele na pazia la sebuleni pia vinanuka. Nilimnunulia vidonge dukani, akapona siku ya tano, kisha yakamrudia. Komando hana matata, kutwa amelala kwenye ngazi. Jirani aniambia Kashata anaona wivu na ile mimba, nikamtupe soko la samaki. Nifanyeje?

Jibu

Shikamoo mama. Soko la samaki usimpeleke. Paka wa pale wana mipaka yao wanaijua wenyewe, na jike aliyezoea kulala kitandani akishushwa pale atakuwa amepigwa kabla magharibi haijaingia. Tena nyumba yako itaendelea kunuka, kwa sababu nusu ya uchafu unaonieleza si wa Kashata.

Nianze na hiyo nusu maana ni nyepesi. Ule mkojo wa mlangoni na wa paziani, angalia umeanzia wapi. Ukikuta umeanza kiasi cha shibiri moja kutoka sakafuni na kuchuruzika kwenda chini, huo ni mkojo wa kupiga alama. Paka husimama, akaupa ukuta mgongo, akainua mkia ukawa unatetemeka, akarusha kidogo. Anayekojoa kwa haja huchutama, na mkojo wake hukutwa chini au juu ya kitu kilicholala. Komando ni dume mzima wa mwaka mmoja, ameletwa nyumba yenye harufu ya paka mwingine, na nje ya mlango wanapita madume wa mtaa mzima. Asingepiga alama ndipo ningeshangaa. Ukitaka ushahidi, azima dukani ile taa ya zambarau wanayokagulia noti, zima taa za nyumba usiku, uizungushe taratibu. Mkojo wa paka hung'aa. Sabuni ya unga nayo hung'aa, kwa hiyo panapong'aa panuse kabla ya kutoa hukumu.

Komando ahasiwe. Madume kama tisa kati ya kumi huacha kupiga alama au hupunguza sana baada ya kuhasiwa, ila usitegemee matokeo siku ya pili. Homoni huchukua wiki kadhaa kupungua mwilini, na ule mkojo wake wenye harufu kali utapoa pole pole. Umri wa kuhasiwa amekwishaupita, sisi huanza hata miezi minne. Binti yako akimwonea huruma, mwambie dume asiyehasiwa akipata upenyo wa kutoka usiku atarudi na sikio limechanika, au asirudi.

Sasa Kashata. Vitone vitone, tena mara nyingi, na wekundu sakafuni: huyo kibofu kinamuuma. Hana jeuri, na wivu wa mimba hana. Paka hajui mimba ni nini. Anachojua ni kwamba nyumba imebadilika harufu, watu wamebadilishana vyumba, na kuna mwenzake mgeni ambaye hakumwalika.

Kwa paka wa umri wake sababu iliyo ya kawaida zaidi ni uvimbe wa kibofu usiokuwa na vijidudu. Ukuta wa kibofu huvimba na kutoa damu, lakini mkojo ukipimwa maabara hauoteshi bakteria. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za hofu mwilini ndiyo inayokichokoza kibofu, na paka wengine wamezaliwa na mwelekeo huo. Maambukizi ya bakteria kwa paka chini ya miaka kumi ni machache; huanza kuwa mengi kwa wazee, wenye kisukari na wenye maradhi ya figo. Na hapa ndipo vile vidonge vya dukani vilipokudanganya. Uvimbe wa namna hii mara nyingi hutulia wenyewe ndani ya wiki moja, dawa iwepo isiwepo. Ungempa hata maji ya madafu ungesema yamemponya. Kisha kile kilichomtia hofu kingali nyumbani, kwa hiyo maradhi yakarudi.

Sisemi asipimwe. Mawe ya kibofu hutoa dalili hizi hizi, na mawe hayaondoki kwa kubadilisha beseni. Nitarudi kwenye hilo la vipimo.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, akiwemo Tony Buffington aliyeyashughulikia maradhi haya miaka mingi, walitoa matokeo ya kuwafuatilia paka 32 kwa wiki 77. Ishirini walikuwa na maradhi haya ya kibofu, kumi na wawili walikuwa wazima. Kila ratiba ilipovurugika, mathalani mhudumu wao alipobadilishwa au saa ya chakula iliposogezwa, makundi yote mawili yalionyesha dalili za ugonjwa: kukataa chakula, kutapika, kwenda haja nje ya beseni. Nasisitiza, hata wale wazima. Ikiwa kubadilishiwa mhudumu tu kunamfanya paka mwenye afya asuse mchanga, basi fikiria dume mgeni kwenye ngazi.

Na ngazi ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara mbili. Unasema Komando hana matata, kutwa amelala kwenye ngazi. Mama, ngazi za nyumba za Mji wa Kale unazijua: nyembamba, zimebanwa na kuta pande zote mbili, mtu akishuka na kapu wa kupanda husubiri. Wewe na Kashata mnalala juu. Beseni liko chini, uani. Njia ni moja na katikati yake amelala dume. Watu wengi husubiri kuona kucha na kusikia makelele ndipo waamini kuwa paka hawapatani. Mara nyingi hakuna makelele. Mmoja hujilaza mahali pembamba, akamkazia macho mwenzake, ncha ya mkia ikacheza kidogo, basi. Yule mwingine hugeuka akarudi alikotoka. Kaa juu ya ngazi jioni moja, usimwite yeyote, utazame Kashata akifika kizingitini. Masikio yakilala pembeni, mwili ukashuka chini, akasimama, kisha akageuka kama aliyekumbuka jambo jingine, umeona ugonjwa wenyewe.

Akifanikiwa kupita, chini anakutana na kuku mwenye vifaranga. Huyo haogopi mtu. Nimetibiwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu ya kuku wa namna hiyo, sembuse paka anayetaka kuchutama hatua mbili kutoka kwa wanawe.

Sasa tazama jinsi Kashata alivyo na akili. Haja kubwa bado anakwenda uani, na ni alfajiri. Kwa nini alfajiri? Bila shaka Komando wakati huo yuko chumbani kwa binti yako, na kuku bado wamefungiwa bandani. Njia iko wazi. Haja kubwa ni mara moja kwa siku na paka aweza kuizuia mpaka wasaa upatikane. Kibofu kilichovimba hakizuiliki. Kinambana kila baada ya dakika chache, naye anachutama palipo karibu, na kwa sababu kuchutama kunauma anatafuta mahali laini. Godoro ni laini na mswala ni laini, tena vyote viwili viko juu, upande wa salama.

Kwa hiyo usianze na aina ya mchanga, anza na njia. Kanuni tunayoitumia ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada. Paka wawili, mabeseni matatu. Lakini mabeseni matatu yaliyopangwa pamoja uani paka huyahesabu kuwa moja, kwa sababu anayelinda mlango wa uani amelinda yote. Moja liweke juu, kwenye chumba unacholala au chumba cha wageni, leo hii. La pili chini, mbali na kuku, pengine ile nafasi iliyo chini ya ngazi ikiwa ina pande mbili za kutokea. La tatu chumbani kwa Komando. Lile la uani liache kwa muda, asije akakosa alilolizoea. Usiweke beseni karibu na chakula, wala kwenye kona ambayo paka akiingia hana pa kutokea ila kwa kumkabili mwenzake, wala karibu na mashine ya kufulia inayoanza kutetemeka ghafla.

Najua utaniambia, daktari, beseni la mavi ya paka chumbani ninamolala? Mama, mkojo tayari uko chumbani. Tofauti ni kwamba sasa hivi uko kwenye mswala.

Beseni liwe kubwa kuliko unavyodhani. Kipimo ni urefu wa paka kutoka pua hadi shina la mkia, uongeze nusu yake. Kwa paka wa kawaida inakaribia sentimita 70. Vile visahani vinavyouzwa kwa ajili ya paka vingi ni vidogo. Lile beseni refu la plastiki la kuhifadhia nguo, upande mmoja ukatwe chini ili aingie bila kuruka, linafaa zaidi na ni rahisi. Lisiwe na kifuniko. Mchanga wenyewe uwe laini, usio na manukato, kina cha sentimita 3 hadi 5. Ule wa kununua unaoganda ukilowa ndio paka wengi huupenda, ila bei yake si ya kila nyumba. Mchanga wa kujengea, ukauchekecha, ukauosha ukatoka vumbi na kuuanika jua la kaskazi mpaka ukakauka kabisa, ni mzuri pia. Maranda sikushauri kwa huyu: vipande vikubwa humchoma nyayo, na mbao zilizotiwa dawa haijulikani zimetiwa nini. Ukiwa na shaka, weka mabeseni mawili yenye mchanga tofauti kwa siku chache, halafu uhesabu mabonge ya mkojo. Atakujibu mwenyewe. Uchafu utolewe kila siku, mara mbili ikiwezekana, na beseni lote lioshwe kwa maji na sabuni kila wiki. Mchanga usioganda ubadilishwe wote mara kwa mara zaidi, joto letu halingoji.

Komando naye aanzwe upya kana kwamba amefika jana. Afungiwe chumbani kwa binti yako, na chakula, maji, beseni lake na kitu cha kukwaruza. Kashata arudishiwe nyumba. Chukua kitambaa safi au kipande cha leso kuukuu, umpanguse Komando mashavuni, ukiweke karibu na chakula cha Kashata, na cha Kashata umpelekee Komando. Vitambaa vikinuswa bila mlio wa hasira wala kukimbiwa, walishwe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Baadaye mlango ufunguliwe kiasi cha kidole. Baadaye waonane dakika chache wakila, mtu akiwa amesimama hapo. Kazi hii ni ya wiki, si ya siku, na kasi inapangwa na yule mwenye hofu. Akikataa kula, umekwenda mbio; rudi hatua moja.

Wakishaanza kuishi pamoja, ngazi ipatie njia ya pili. Simaanishi ubomoe ukuta. Paka akiwa na rafu au kabati la kupanda juu kabla ya kizingiti cha ngazi, hupita juu ya mwenzake badala ya mbele ya macho yake. Kashata apewe pia mahali pa kujificha huko juu, sanduku lenye matundu mawili linatosha, na usimtoe humo kwa nguvu hata wageni wakija kumtazama binti yako. Ikiwa paka wa mtaani hukaa dirishani kumtolea macho, funga nusu ya chini ya dirisha, upepo uingie juu. Kuku na vifaranga wake watengewe upande wa uani wenye wavu mpaka wakue.

Kuhusu usafi, nyumba za Kibokoni zina shida yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa mkojo, na ile chumvi ya mkojo iliyobaki ndani ikipata unyevu hutoa harufu upya. Ndiyo maana unasafisha Jumatatu ukadhani imekwisha, mvua ikinyesha Alhamisi inanuka tena. Kausha kwanza kwa kitambaa. Kisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile inayodai kutoa madoa ya chakula na damu, sehemu moja kwa maji tisa, iachwe ikae, isuuzwe kwa maji baridi, ikikauka upake spiriti ya hospitali. Kwenye mlango wa mbao uliopigwa vanishi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, spiriti hutoa mng'ao. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini usiimwage juu ya mkojo, hutoa mvuke unaochoma mapafu. Ile dawa ya sakafu inayogeuka nyeupe kama tui ikiingia majini ni sumu kwa paka: anaikanyaga, anajilamba. Vidonge vya nondo na mafuta ya karafuu navyo ni hivyo hivyo, hata kama jirani ameapa kwamba vinafukuza. Na ubani na udi vifukizwe chumba kisicho na beseni. Sikuambii uache, nyumba ni yako na Ijumaa ni Ijumaa, lakini pua ya paka si yetu. Twahara ya mswala muulize sheikh wako. Mimi nazungumzia harufu tu. Mpaka Kashata apone, ukishaswali uukunje uweke kabatini.

Usimpige, usimkandamize pua kwenye mkojo. Hofu ndiyo iliyomfikisha hapa.

Kibofu kinachouma kinahitaji maji. Mkojo mwepesi hauchokozi sana. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na paka huonja akaondoka, kwa hiyo mpe maji yale yale mnayokunywa nyinyi, bakuli pana, mbali na chakula, na lingine huko juu. Chakula cha majimaji ni bora kuliko kikavu. Supu ya vichwa vya samaki ni nzuri ikiwa haina chumvi, vitunguu wala thomu. Vitunguu na thomu huharibu damu ya paka. Ikiwa anakula dagaa wakavu, loweka, umwage maji ya kwanza. Dawa ya maumivu nitampa mimi. Paracetamol usithubutu, hata nusu kidonge. Paka hana namna ya kuivunja mwilini na humuua. Ibuprofen na aspirini pia ziache.

Binti yako asishike beseni mpaka ajifungue. Kimelea cha toksoplasma hutoka kwenye mavi ya paka na huchukua siku 1 hadi 5 ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku na mtu mwingine hatari inakuwa ndogo sana. Hakuna haja ya kuwafukuza paka. Kusema kweli mama wajawazito wengi hukipata jikoni: nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa vizuri. Mishkaki yake iive mpaka ndani. Na ikiwa chumba cha mtoto kitakuwa kile alicholala Kashata miaka yote, mbadilishie sasa, pole pole, asije akafukuzwa siku moja na kilio cha mtoto.

Kuna jambo moja linalomhusu Komando ambalo halisubiri. Dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba, na akipata uvimbe kama wa Kashata huweza kuziba. Ukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni, anachutama, anakaza, analia, anajilamba sehemu za siri na hakuna kinachotoka, mlete saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Mkojo ukizuiliwa, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Watu hudhani amefunga choo wakampa mafuta. Usipoteze saa kwa mafuta.

Vipimo sasa. Ninahitaji mkojo wa Kashata. Mfungie chumba cha juu usiku mmoja, weka beseni lililooshwa na kukaushwa, ndani yake badala ya mchanga tia shanga za plastiki zilizooshwa, au mchanga kidogo mno wa kufunika chini tu ikiwa hataki shanga. Asubuhi vuta mkojo kwa sindano isiyo na ncha, tia chupa safi, uweke kwenye barafu na ufike kwangu ndani ya saa chache. Ukikaa kwenye joto hutengeneza fuwele, chembe ngumu kama za chumvi, ambazo hazikuwamo. Ukishindwa mlete mwenyewe, nitauvuta hapa, na kibofu tutakitazama kwa mashine kama kina mawe. Aje kwenye kikapu chenye kifuniko, kifunikwe kwa leso ya kwako yenye harufu yako, na dereva wa tuktuk umwombe azime muziki. Komando mtenge naye kikapu chake, msiwachanganye njiani. Ikiwa mtataka ahasiwe siku hiyo hiyo, asile chochote tangu saa nne usiku kwa ajili ya nusu kaputi. Maji anaruhusiwa.